Bampa ya Pejo

Muhawenimana alichovya karatasi ya aluminiamu kwenye siki, akaendelea kusugua bampa ya Pejo ya zamani ya baba yake. Kaka zake walisema kutu imeshaila, itupwe. Alisugua tu, na kromu ikajitokeza kidogo kidogo.

Pale kromu ilipokuwa imebanduka kabisa alipitisha kitambaa chenye maji ya nikeli, madini ya kupaka chuma, kilichofungwa waya wa betri. Rangi ya fedha ikashika, kama alivyojua itashika.

Katika mng'ao huo akamwona baba yake amesimama nyuma yake. Tangu mkewe afie ndani ya gari hilo, njiani kwenda hospitali, mzee hakuwahi kulikaribia.

"Nani alikuambia uiguse?"

"Hakuna muntu, Papa. Iko inatengenezeka."

Mzee akainama, akapitisha kidole gumba juu ya ile nikeli mpya. Akakiacha hapo kwa muda.

"Mama yako alikuwa anaipangusa kila siku ya yenga, Jumapili mbele ya kwenda misa," akasema.

Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akautia kiganjani mwa bintiye, akaenda kufungua mlango wa upande wa abiria.