Asumini Kwenye Mfinyanzi

Mtaani kwao, hakuna mti wa maua uliopandwa kabla Kipimo, kile chombo cha mlingoti chenye taa ya kupimia kilichosimikwa kwenye kila bustani, hakijatabiri kuwa utaishi.

Salha alipiga magoti kwenye kibustani chake, mche wa asumini mkononi. Ulikuwa wa mwisho kutoka shina la marehemu mama yake, na alitaka siku moja mjukuu wake ajaye avishwe kikuba, kishada cha maua yake ya kunukia.

"Udongo wa mfinyanzi, mzito," Kipimo kikasema. "Mizizi itaoza. Panda haibiskasi."

"Udongo huu naujua, nimezaliwa juu yake!" Salha alifoka. "Tuta hili hulioni? Nimelipandisha mwenyewe, nikachanganya mchanga, samadi na makumbi ya nazi. Maji hayatatuama. Pima tuta, usipime mtaa!"

"Mama Zuwena, unagombana na mlingoti?" mumewe, Haji, alimcheka kutoka barazani. "Panda hiyo haibiskasi tupumzike."

"Haibiskasi ina harufu gani, Haji? Utaivaa wewe?"

"Kisichotarajiwa kuishi hakipandwi," Kipimo kikasema kwa upole ule ule, na mkono wake wa chuma ukashuka kuuchukua mche. Salha aliung'ang'ania mpaka akabaki na majani tu viganjani.

"Hukuupa hata siku moja! Umejuaje?"

Taa ya Kipimo ilikuwa imeshamwacha na kugeukia mlangoni, aliposimama binti yao Zuwena na mimba yake. Ikatulia hapo.

Zuwena akalifunika tumbo kwa kanga, akarudi ndani na kufunga mlango.