Bereti Kwenye Seng'enge

Vumbi la magari ya polisi lilipoonekana upande wa soko la Ikutha, Jenerali Nyamai alitoka nje na magwanda yake ya zamani, kifua mbele. Serikali aliyoipigania miaka thelathini sasa ilimwita msaliti. Lakini wanajeshi wake kumi na wawili, wastaafu kama yeye, walikuwa wameapa kwamba hakuna atakayemgusa.

Langoni alimkuta mmoja wao tu, sajini, akitundika bereti kwenye seng'enge. Za wenzake zilikuwa zimeshatundikwa.

"Afande, tuko na watoto," sajini alisema, macho chini. Akaenda zake.

Jenerali alizihesabu. Kumi na tatu.

Ya mwisho ilikuwa na tundu la risasi, na matope yaliyokuwa bado yakidondoka, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Desemba. Aliijua. Ilikuwa ya koplo ambaye yeye Jenerali alimwacha mpakani akiwa bado anapumua, kisha akaandika kwenye ripoti kwamba alikufa vitani.

Magari yakasimama. Jenerali akajinyoosha, akaguta kwa mazoea:

"Kikosi, mguu sawa!"

Nyuma yake, ndani ya nyumba isiyo na mtu, buti moja likagonga sakafu.