Blanketi la Rejeta

Mshale wa joto ulipofika kwenye wekundu kwa mara nyingine, Badri alisimamisha gari lake kuukuu, Niva, katikati ya mpando, akaliacha likinguruma. Hita alishaifungulia mpaka mwisho ili iipunguzie injini moto. Kwenye kiti cha nyuma, mkewe alikuwa akitiririka jasho, uchungu wa kuzaa umemkaba. Hospitali ilikuwa mjini Mestia, ng'ambo ya mlima.

Alifungua boneti. Maji yamejaa. Mkanda mzima. Feni inazunguka. Sasa ni nini tena, Mungu wangu?

Akawasha sigara.

"Badri! Mimi nazaa, wewe unavuta?" mkewe alifoka. "Utavuta na kwenye mazishi yangu?"

"Subiri, mke wangu. Natazama moshi."

Aliupuliza mbele ya rejeta. Feni ilipaswa kuunyonya wote. Moshi ukasimama pale pale, kisha ukampanda usoni.

Akapenyeza vidole nyuma ya wavu wa mbele, vikagusa sufu. Lilikuwa blanketi la marehemu baba yake, ambalo kila majira ya baridi alilipachika hapo injini isigande, na kila Pasaka akalitoa. Pasaka ilishapita, na theluji ya barabarani ilishayeyuka.

Alilichomoa huku akijilaani, akainua mkono alitupe korongoni.

"Usilitupe!" Sauti ya mkewe ilikuwa imebadilika. "Lina joto?"

"Lina joto, lakini limejaa mafuta na nzi waliokufa…"

"Lete hivyo hivyo. Kichwa kinatoka."