Kofia ya Ngusa

Kofia ngumu waliyompa Vumilia ilikuwa imeandikwa NGUSA kwa rangi nyekundu, na Ngusa mwenyewe ndiye aliyemvisha. Alimfunga mkanda kidevuni, akarudi nyuma kumtazama, akacheka.

"Umependeza, mayu. Haya, mama, shuka."

Vumilia hakushuka. Alisimama mbele ya kamba iliyozungushiwa mdomo wa shimo, lile shimo refu ambalo wachimbaji huliita duara. Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, chakavu, hata mbuzi angeivuka. Mwanamke haivuki. Dhahabu, wanasema, ikinusa mwanamke inakimbia.

Hosiana, mponda mawe mwenzake, aliwahi kuivuka, mwaka jana, akimfukuza kuku wake. Wiki ile duara halikutema kitu. Akatimuliwa, na tangu hapo hakuna machimbo, kuanzia Bulyanhulu mpaka Geita, yaliyompa hata nyundo ya kupondea mawe. Alirudi kwao Mhunze, ambako nako hana shamba.

"Na mwiko?" Vumilia aliuliza.

Masalu, msimamizi wa duara, alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Huo mwiko wa wazee, Mama Rhoda. Hukumsikia yule afisa wa semina? Siku hizi sote sawa."

Alimsikia sana. Afisa alikuja na soda na fulana, akasema kazini kila mtu ana nafasi yake, na wanaume wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Soda zilipoisha wakarudi duarani, na wanawake wakarudi chini ya turubai lao kuponda mawe. Anayeshuka hugawana mawe na wenzake. Anayeponda hupewa anachopewa. Vumilia alianza kuponda mawe binti yake Rhoda akiwa mgongoni, na sasa Rhoda anaponda pembeni yake. Hilo lilimuuma kuliko vidole vyake, kwamba mtoto amerithi nyundo.

"Bosi anajua?"

"Mzee Bartholomeo atakuja Jumamosi. Nataka akukute humo humo chini, ajionee kwa macho yake."

Vumilia akavuka kamba.

Siku zile zilikuwa tamu, tuseme ukweli. Ndaki, mmoja wa wachimbaji, alimfundisha kushika moko, tindo la wachimbaji, na mahali pa kulipigia nyundo ili mwamba upasuke vizuri. Mchana walimwita kwenye sinia lao la ugali, wakamsogezea mboga upande wake. Walimwita mwenzetu. Mtu ambaye hajazoea kuitwa, furaha yake haifichiki, na inatia huruma kuitazama. Vumilia alicheka hata pasipo na cha kuchekesha. Alimwambia Rhoda kwamba hatakaa sana na ile nyundo.

Apolonia, aliyeponda naye miaka yote, ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Mwenzangu, hushangai?" alimwambia walipokuwa wakiteka maji. "Mawe wanayotuletea, mwezi sasa hayana kitu. Meupe tu, hata hayameti. Na ile mifuko inayopakiwa kwenye kenta kule nyuma, mbona haipiti kwetu?"

"Masalu anasema inakwenda kusagwa kwenye karasha jipya la bosi."

"Bosi ana karasha?"

Vumilia alijitwika ndoo yake akaenda. Alijua wivu unavyosema. Yeye mwenyewe angekuwa bado yuko chini ya turubai, angesema hivyo hivyo.

Jumamosi alishuka mapema, akiwa amevaa blauzi yake ya kanisani ndani ya koti la kazi. Alitaka bosi amkute nadhifu. Alikuwa amepanga hata maneno ya kusema: kwamba anashukuru, kwamba hatawaangusha, kwamba wako wanawake wengine pale juu wenye mikono kama yake. Aliposikia gari likizima injini, aliweka nyundo chini. Akasubiri. Kisha Masalu akaita kutoka juu kwamba apande.

Alipanda ngazi za magogo akiwa anatabasamu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Wanaume wote walikuwa wamesimama nje ya kamba. Wanawake walikuwa chini ya turubai lao, na Rhoda katikati yao. Mzee Bartholomeo alikuwa ameegemea gari lake.

"Shikamoo, Mzee," Vumilia alisema.

Mzee alimgeukia Masalu.

Masalu alikuwa amevua kofia yake, ameishika kifuani kama mtu aliye msibani. "Ndiyo hivyo, bosi. Mwezi mzima tunajiuliza dhahabu yako imekimbilia wapi. Kumbe kuna mtu anaingia humu sisi tukiwa hatupo."

Vumilia alidhani ni mzaha, akasubiri wacheke. Alimtazama Ndaki, na Ndaki akatazama chini. Alimtazama Apolonia. Apolonia aliinua nyundo yake, akaanza kuponda.

Ngusa alivuka kamba, akamkaribia taratibu, akamfungua mkanda kidevuni.

"Hata kofia hii ni yangu, bosi," alisema. "Jina langu hili hapa. Nimeitafuta wiki nzima."