Nyimbo za Kimoyomoyo

Wimbo ulioimbwa kabla ya kusajiliwa ulichukuliwa na vinasa sauti vya kampuni za muziki vilivyofungwa katika kila nyumba, na mtunzi hakuwa na chake tena. Kwa hiyo Mwanahawa, mwanamuziki asiye na kampuni, alitunga albamu yake kimoyomoyo kwa miaka miwili.

Mama yake, Bi Mgeni, alikuwa mgonjwa kitandani. "Mwanangu, niimbie japo ubeti mmoja," aliomba.

Mwanahawa alitazama kinasa sauti dirishani. "Vumilia, mama. Nyimbo zikishasajiliwa nitakuimbia zote."

"Haya. Nitangoja."

Usajili ulikamilika wiki moja baada ya mazishi ya Bi Mgeni. Shangazi mtu aliisikiliza albamu nzima jikoni, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mama yako alizipenda nyimbo hizi?"

"Sana, shangazi," Mwanahawa alijibu, akaendelea kuosha sufuria iliyokwisha takata.