Kisigino cha Mkandarasi

Kopo la chuma lilikuwa limejaa udongo pomoni pale lilipochomolewa kwenye kifusi cha msingi. Sasa udongo ulikuwa umekauka kwenye oveni, na mizani ilimwambia Loisi kwamba ni mwepesi kama pumba. Kifusi hakikushindiliwa.

Mkandarasi alisimama mlangoni mwa maabara. Safari hii nyumba ilikuwa yake mwenyewe, kule Nkuhungu, ya kuzeekea na wajukuu.

"Vipi, mwanangu? Nimwage zege?"

Mkandarasi hakumkumbuka. Loisi hakuwahi kumsahau: alivyopiga kisigino kimoja juu ya kifusi cha nyumba yao, akamcheka baba kwa woga wake. "Umeshika huu, mzee. Jenga tu." Masika ya kwanza msingi ulititia, ukuta ukamwangukia baba usingizini.

Alitazama ule udongo. Angesema tu "shindilia upya," wale wajukuu wangelala salama.

Akaumwaga kwenye ndoo ya taka, akakung'uta mikono. Kisha akainua mguu, akapiga kisigino sakafuni.

"Umeshika huu, mzee," akasema. "Jenga tu."