Habari Njema Tu

Sheria ya mashua ilikuwa moja, na fundi saa aliitangaza kabla kasia halijagusa maji.

"Humu ndani ni habari njema tu. Mwenye habari mbaya akae nayo mpaka turudi."

"Hata kama nimebanwa na mkojo?" aliuliza Bwana Mdogo, mwenye miaka minne.

"Hiyo ni habari njema. Kopo lipo."

Mtoto alicheka. Dada yake, mwenye miaka tisa, alitabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyepewa chai isiyo na sukari.

Fundi hakuwa na nafasi ya kukosea. Hakuishi tena na watoto wake, na safari mbili za kwanza ziwani zilikuwa zimemharibikia. Katika ya kwanza Bwana Mdogo alitapika. Katika ya pili alilia tangu kuondoka hadi kurudi, kisha akaota maji wiki nzima.

"Nakupa ya tatu," mama yao alikuwa amemwambia mlangoni. "Wakirudi wanalia, mashua basi. Na hizo Jumamosi zako pia tutazizungumza."

Kwa hiyo alijipanga kama anavyoipanga meza yake ya kazi. Biskuti kila nusu saa. Kofia tatu. Nyuzi fupi za kuvulia, zisizosokotana. Jaketi mbili za kuelea, za watoto. Ya kwake haikupatikana. Peremende alizitia katika mfuko wa shati, ambamo kwa miaka ishirini alitia kila kitu kidogo ili kisipotee: skrubu, springi, mishale ya saa.

Hata hivyo, asubuhi ilianza kwa vurugu. Mashua waliikuta ufukoni imejaa maji ya mvua, na wakati alipofungua kizibo cha tundu la nyuma ili yatoke, upepo uliipeperusha kofia ya Bwana Mdogo. Mtoto aliangua kilio. Fundi aliikimbiza kofia ufuko mzima, akaanguka mara mbili, na mara ya pili alianguka kwa makusudi, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imemchekesha mtoto. Hakutaka kicheko hicho kipoe. Aliwapakia upesi, akasukuma mashua, akarukia ndani.

Walikuwa wamefika mbali dada mtu alipoinama kutazama chini ya benchi lake la nyuma.

"Baba..."

"Habari njema?"

Msichana alimtazama mdogo wake, aliyekuwa akiimbia samaki. Kisha akavua kiatu cha kulia.

"Hakuna kitu," alisema.

Tangu hapo hakusogea.

"Mama, njoo huku mbele uone ndege," fundi alimwita binti yake.

"Nawaona vizuri nikiwa hapa."

Kiboya cha uzi wake kilizama ghafla. "Simama uvute!" fundi alipaza sauti. "Simama, mwanangu, huyo ni mkubwa!" Msichana alivuta akiwa ameketi. Uzi ulilegea, na samaki akaenda zake.

"Dada amegandishwa na gundi!" alishangilia Bwana Mdogo. "Dada mvivu! Nyayo zangu zimelowa, mimi ni bata!"

"Bata wangu, wewe ndiwe unayemwaga maji ya kunywa," fundi alisema, akacheka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Aliimba wimbo wa chura. Alivaa kofia zote tatu. Aliigiza mteja mmoja mzee ambaye kila mwezi huleta saa ileile na kumlaumu fundi kwamba siku zinakwenda mbio. Bwana Mdogo alicheka hadi akapata kwikwi. Dada yake alikuwa ameegemea goti lake kwa mikono miwili, midomo imemkauka.

"Umeninunia?"

"Sijanuna, Baba."

"Mguu unauma?"

"Hapana." Aliyatazama maji. "Baba, umeshajifunza kuogelea?"

"Naogelea kama nanga!"

Alingoja kicheko. Hakikuja.

"Baba, nina habari njema," msichana alisema polepole. "Nimefurahi sana. Nimefurahi kabisa, imetosha. Tunaweza kurudi sasa hivi."

Fundi aliielewa lugha hiyo. Hata mama yao alikuwa na adabu ya namna hiyo siku alipoamua kwamba yamekwisha. Aligeuza mashua. Ilikuwa nzito mno, nzito kama fikra zake, na kila alipovuta makasia aliuona uso wa binti yake, umekunjamana, haumtazami. Jumamosi alizihesabu kama mtu anayehesabu vitu vya kufungasha. Alimpa Bwana Mdogo peremende, kisha nyingine, ili angalau mmoja wao arudi akicheka.

Mama yao alikuwa amekwisha fika ufukoni, mikono kifuani.

Omo, ncha ya mbele ya mashua, ilikwama mchangani. Bwana Mdogo aliruka nje akilia kama bata, akamkimbilia mama yake.

"Shuka, mama," fundi alimwambia binti yake kwa sauti ya chini. "Nisamehe. Nilijitahidi."

"Shuka wewe kwanza, Baba."

Alishuka. Maji yalimfika magotini tu. Msichana aliyatazama magoti hayo mpaka akaridhika, kisha akainua kisigino chake, na kutoka sakafuni, chini ya benchi la nyuma, maji yaliruka juu kama bomba lililopasuka. Katikati ya kisigino, nyama imekuwa nyeupe kwa baridi, palikuwa na alama nyekundu ya mviringo.

Mkono wa fundi uliingia katika mfuko wa shati. Kati ya peremende mbili zilizobaki, vidole vyake viligusa kizibo.

"Haya, habari za huko?" mama yao aliita kutoka ufukoni.

Msichana alimtazama baba yake, akavaa kiatu.

"Njema tu, Mama!"